Wakili wa Bei Nafuu na Bafu la Bi Tsonka

Watu wengine huenda duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari. Lyuben Garvanski alikwenda kutafuta watu wenye uchungu. Kila Jumatatu asubuhi, ndani ya suti yake ya kijivu na mkoba wa ngozi mkononi, alisimama karibu na dirisha la kurudishia bidhaa akijifanya anachagua bawaba za mlango. Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Mafundi wa hapa Ruse, Bulgaria, humaliza kazi Ijumaa na kuchukua chao. Jumamosi mwenye nyumba hugundua alichofanyiwa, Jumapili hulia, na Jumatatu huja dukani kugombana na mtu asiyehusika.

Zamani Lyuben alikuwa dereva wa wakili wa kweli. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili, mpaka wakili alipogundua kwamba dereva wake anawapa wateja ushauri njiani kwa nusu bei. Alipofukuzwa aliondoka na suti, maneno kumi na manne ya kisheria, na mwendo wa mtu anayesubiriwa na hakimu. Kutamka kwamba yeye ni wakili hakuwahi hata siku moja. Alikuwa na maadili yake. Aliwaacha watu waseme wenyewe, naye hakuwakatiza, maana mama yake alimlea asimkatize mtu mzima akiongea.

Jumatatu hiyo alifika dirishani mama mmoja mfupi, mnene kiasi, amebeba mrija wa silikoni ya kuzibia nyufa, umeminywa hadi nusu.

"Mama, hii imeshatumika," msichana wa dirishani alimwambia.

"Imetumika, lakini haijafanya kazi. Hayo ni mambo mawili."

"Kwani maji yanapita wapi?"

"Mwanangu, niulize yasipopita."

Lyuben akaziacha bawaba.

Mama yule alikuwa Bi Tsonka Valcheva, miaka sitini na tisa, mkaguzi wa tiketi mstaafu wa treni ya Ruse na Sofia. Magoti yalikuwa yameanza kumgomea, kwa hiyo alichukua akiba yote aliyoiweka tangu mumewe Metodi afariki, akaita fundi ambomolee bafu la zamani na kumwekea jipya lisilo na kizingiti. Fundi alikuja, akakaa wiki tatu, akaondoka. Sasa sakafu ilikuwa imelala vizuri sana, ila kuelekea sebuleni. Tundu la maji lilikaa juu kavu kama kanisa la mlimani. Mlango ulifunguka robo, ukagonga vigae, na Bi Tsonka akawa anaingia kwa ubavu. Choo kilikuwa kimeelekezwa ukutani, na aliyekikalia hakuwa na mahali pa kuweka magoti. Kwa wiki sita mama wa watu alikuwa akipanda mabasi mawili na taulo lake mfukoni kwenda kuoga kwa dada yake, na dada yake alikuwa akisimama mlangoni kuuliza kama bado anaoga.

"Samahani sana, mama," Lyuben alisema, kofia mkononi. "Sikukusudia kusikiliza. Ila mtu akionewa, masikio yangu hayafungi."

"Wewe nani?"

"Garvanski. Nashughulika na watu waliodhulumiwa na mafundi."

"Wakili?"

Lyuben akashusha macho kama mtu asiyependa kutajiwa vyeo vyake hadharani.

"Mawakili nawajua," Bi Tsonka alisema. "Nimekwenda kwa mmoja pale jirani na mahakama. Kunisikiliza nusu saa tu anataka nusu ya pensheni yangu. Nikamuuliza, je, nikisema haraka haraka?"

"Akasemaje?"

"Akasema saa imeshaanza kuhesabu."

"Ndiyo maana tupo sisi wa bei nafuu, mama. Kwangu hulipi mpaka ushinde. Kuna gharama ndogo ndogo tu za njiani: picha, mihuri, karatasi. Haki yenyewe ni bure. Karatasi ndizo za kununua."

Mtu aliyekagua tiketi miaka thelathini na moja, aliyeambiwa na abiria elfu kwamba tiketi imepeperukia dirishani, angepaswa kuishtukia sentensi hiyo. Lakini anayezama hakagui kamba. Bi Tsonka akampa anwani.

Kesho yake Lyuben alifika kwenye jengo lao la ghorofa nane, akaingia bafuni kwa ubavu, akapiga picha kumi na mbili, na kila baada ya picha akasema "mh!" kwa sauti ya kisheria. Alipokuwa anapiga ya kumi na tatu, kengele ililia. Mlangoni alisimama mzee mrefu mwenye mwavuli uliolowa, na nje jua lilikuwa linawaka.

"Huyu ni Zhelyazko wa chini yangu," Bi Tsonka alisema kwa aibu.

"Nimetoka chooni kwangu," mzee alieleza. "Huko nyumbani ndiko kunakonyesha. Tsonka, nakuheshimu kama dada, lakini dari likiniangukia nakushtaki."

"Hapana, hapana," Lyuben aliwahi. "Mshtakiwa ni fundi. Mzee wangu, wewe si adui wa huyu mama. Wewe ni mdai namba mbili."

Zhelyazko akafunga mwavuli. "Namba mbili anapata nini?"

"Dari jipya."

"Na televisheni?"

"Televisheni iko chini ya dari?"

"Iko sebuleni, lakini inasikitika."

"Tutaiweka," Lyuben alisema, akaandika. Mbele yake mtu mmoja alikuwa na shida na mwingine alikuwa na tamaa, na kwa uzoefu wake hakuna mchanganyiko unaolipa vizuri kuliko huo. Aliondoka na gharama za njiani kutoka kwa wote wawili, pamoja na chupa mbili za lyutenitsa, rojo la kupaka mkate lililopikwa kwa pilipili za bustani ya dada yake Bi Tsonka.

Siku ya tatu alimtafuta fundi. Asparuh Dimov alipatikana katika nyumba nyingine, anaharibu jiko. Lilikuwa jitu la kilo mia na ishirini lenye uso wa mtoto aliyepotea sokoni. Lyuben alifungua mkoba, akatoa karatasi, akasoma maneno yote kumi na manne ya kisheria bila kupumua.

Asparuh akaketi juu ya mfuko wa saruji, akaanza kulia.

"Bosi, mimi nilikuwa mwokaji mikate! Kiwanda kimefungwa, nikanunua koleo. Vigae nimejifunzia kwenye simu, na simu yenyewe kioo kimepasuka."

"Hakimu hataki kujua habari za kioo. Mjane anataka fidia, mzee wa chini anataka fidia, na televisheni inasikitika."

"Hela sina! Nina beseni la kuogea tu, na vigae vya Kiitaliano vya kuta nne. Mteja alihamia kwa mtoto wake kabla sijamwekea, akaniachia kama malipo."

Lyuben akairudisha karatasi mkobani. Nyumba yake mwenyewe, aliyorithi kwa mama, ilikuwa na bafu la rangi ya supu ya mbaazi, na beseni lenye kutu ambalo kila asubuhi lilimkumbusha kwamba yeye si wakili.

"Vigae vya rangi gani?" aliuliza polepole.

"Vyeupe, vina mshipa wa dhahabu."

Wakakubaliana hapo hapo. Asparuh angemjengea Lyuben bafu jipya bila malipo, na Lyuben angeikalia kesi mpaka isahaulike. Msomaji atauliza: huyu Lyuben si ameona kwa macho yake kazi ya Asparuh? Ameiona, tena ana picha kumi na tatu. Lakini mjanja ana ugonjwa wake. Aliamini kwamba fundi humharibia mjane kwa sababu ni mjane, na kwamba mbele ya mtu anayemwogopa mkono wake utanyooka. Hakujua kwamba Asparuh alikuwa mwaminifu kabisa katika ubovu wake, wala habagui.

Lyuben hata alinogewa. Kwa gharama za njiani alinunua hita ya maji mpya ya lita themanini na bomba la kuogea lenye kichwa kipana kama sahani. Wiki iliyofuata beseni la zamani lilishushwa likapelekwa kwenye vyuma chakavu, na vigae vikaanza kupanda ukutani kwa mistari iliyopishana kama walevi wanaosalimiana. Hofu ilimzidishia Asparuh kutetemeka. Siku moja Lyuben aliwasha taa ya bafuni, na kengele ya jirani ikalia.

"Ni kawaida hii?" aliuliza.

"Italia wanafanya hivyo, bosi," Asparuh alijibu, machozi yakimlengalenga.

Lyuben akalikubali jibu. Uongo mtamu ulikuwa biashara yake. Hakuzoea kuletewa nyumbani.

Baada ya wiki mbili akaenda kwa Bi Tsonka na uso wa msiba.

"Mama, kaa chini. Fundi ametoroka. Yuko Ujerumani."

Bi Tsonka akakaa. "Ujerumani wapi?"

"Kule ndani ndani. Sasa tunahitaji kesi ya kimataifa. Gharama za njiani zitaongezeka kidogo, maana njia yenyewe imerefuka. Lakini usihofu, shauri lako limeshaandikishwa." Akamwekea mezani karatasi yenye muhuri wa buluu.

Bi Tsonka alivaa miwani. Aliitazama karatasi ile kama alivyotazama maelfu mengine, kwanza pembeni, kisha katikati, kisha usoni mwa aliyeileta. Muhuri ulikuwa wa duara na wa kupendeza. Maandishi ya kuzunguka yalisema: Chama cha Wafugaji wa Njiwa wa Posta. Kisha macho yake yakashuka kwenye viatu vya mgeni. Viatu vya wakili vilikuwa na gundi nyeupe ya vigae, mbichi bado.

"Nimekuelewa, bwana wakili," alisema. "Kunywa kahawa."

Hakulia. Alilia baadaye kidogo, bafuni, amesimama kwa ubavu. Hakuililia pesa. Alilia kwa sababu yeye, Tsonka Valcheva, aliyewahi kumshusha treni mkuu wa wilaya aliyejifanya amelala, ameuziwa mbuzi kwenye gunia akamshukuru muuzaji na kumpa na lyutenitsa. Kisha akanawa uso kwenye sinki, maji yakaenda sebuleni, naye akavaa koti.

Kwanza alikwenda chuo kikuu, ambako mpangaji wa ghorofa ya tano aliwahi kumwambia kuna wanafunzi wa sheria wanaosaidia watu kila Alhamisi, chini ya mwalimu wao. Alikuta chumba chenye viti vya plastiki na msichana mwembamba aitwaye Ralitsa. Ralitsa alisikiliza saa nzima na hakutazama saa hata mara moja.

"Mkataba upo? Risiti? Picha?"

"Picha anazo wakili. Mkataba ninao."

"Picha tutapiga nyingine. Tatizo ni kumpata fundi, mama. Mtu asiye na anwani hapelekewi barua."

"Mwanangu," Bi Tsonka alisema, "hilo la kumpata mtu aliyejificha niachie mimi. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, tena treni ikitembea."

Jumatatu iliyofuata alimfuata Lyuben kutoka dukani. Alipanda basi la umeme alilopanda yeye, akakaa viti vitatu nyuma na mboga za majani kwenye kikapu, akashuka aliposhuka. Chini ya jengo la Lyuben palikuwa na gari dogo jeupe lililoandikwa ubavuni: ASPARUH – BAFU LA NDOTO ZAKO. Ujerumani ilikuwa vituo sita tu kutoka kwake.

Alisubiri mpaka Lyuben aondoke tena na mkoba wake, kisha akapanda ngazi taratibu kwa ajili ya magoti. Asparuh alifungua mlango, akamwona, akarudi nyuma, akaangusha ndoo.

"Bi Tsonka! Naomba usinifunge!"

"Nani wa kukufunga, Asparuh? Ulikula lini?" Akatoa banitsa, andazi la jibini, kikapuni. "Kaa. Kula. Huyu unayemjengea ni nani?"

"Wakili wako! Ameniambia nikimaliza hapa, kesi inakufa."

Bi Tsonka akamwekea karatasi kwenye goti. "Soma muhuri."

Asparuh alisoma huku anatafuna. Akaacha kutafuna. "Njiwa?"

"Njiwa."

"Wiki mbili nimelala sakafuni hapa kwa sababu ya njiwa?"

"Na mimi nimeoga kwa dada yangu wiki tisa kwa sababu yako. Tofauti ni kwamba wewe una mkono, unaweza kurekebisha. Au tuseme, una mgongo, maana mkono wako tumeshauona."

Jitu lile lilijifuta uso kwa kiganja chenye saruji. "Nifanye nini, mama?"

"Kwanza utatia saini kwa watoto wa chuo kwamba utagharamia bafu langu na dari la Zhelyazko. Fundi nitakuchagulia mimi. Pili: hili beseni na hivi vigae, umelipwa?"

"Hata senti."

"Basi ni vyako. Na hita?"

"Hita kanunua yeye."

"Kwa hela ya nani?"

Asparuh alifikiri, akalijua jibu, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda cha mikate kifungwe, akatabasamu.

Asparuh alisaini karatasi ya kwanza kwa Ralitsa Alhamisi ya wiki hiyo, mbele ya mwalimu wake, kila neno likiwa mahali pake. Kuhusu jambo la pili Bi Tsonka hakumuuliza Ralitsa kitu. Yapo maswali ambayo mtu mwenye busara hamuulizi mwanasheria, awe wa bure au wa kulipia.

Ijumaa saa tano asubuhi Zhelyazko alimpigia Lyuben simu. Yeye na Bi Tsonka walikuwa tayari na gharama za kimataifa, alisema, wakutane kwenye mkahawa wa supu karibu na stesheni. Lyuben alifika mbio. Zhelyazko alikuwa ameketi, bahasha nene mezani, kiganja chake juu ya bahasha.

"Tule kwanza," mzee alisema. "Pesa haiongelewi na tumbo tupu."

Wakala supu ya utumbo. Zhelyazko akaanza kumsimulia habari za jeshi alilotumikia kwenye mpaka mwaka wa sabini na moja, akaanzia siku ya kukatwa nywele. Lyuben alinyoosha mkono kwenye bahasha. Kiganja hakikuondoka.

"Subiri, sijafika kwenye punda."

"Mzee wangu, nina hakimu ananisubiri."

"Hakimu hajui habari za punda huyu. Weita! Lete rakia mbili, ile kali."

Punda aliingia saa saba, akavuka mpaka saa saba na nusu, akakamatwa na upande wa pili saa nane. Baada ya hapo yakafuata mawe ya figo, yote matatu, moja baada ya jingine. Saa tisa kasoro simu ya Zhelyazko ikalia mara moja ikanyamaza. Mzee akanyanyua kiganja.

"Chukua, bwana wakili. Ulipie na supu, mimi nimesahau pochi."

Lyuben alilipia. Alifungua bahasha barazani, nyuma ya nguzo. Ndani alikuta magazeti yaliyokatwa vizuri, na juu yake ile karatasi yake ya muhuri wa njiwa. Katikati ya muhuri palikuwa na tundu dogo la nyota, lile linalotobolewa na wakaguzi wa treni wakishaikagua tiketi na kuiona haifai.

Alikimbia hadi nyumbani. Sebule ilikuwa salama, jiko salama, hata zile chupa za lyutenitsa zilikuwa kabatini. Alipofungua mlango wa bafuni alikuta zege tupu. Beseni halikuwepo. Vigae havikuwepo, vilitoka kirahisi, maana gundi ya Asparuh haikuwahi kushika kitu. Hita ya lita themanini na bomba la kichwa kipana vilikwenda pia. Asparuh, kwa heshima, alikuwa ameacha choo, ila kimeelekezwa ukutani. Lyuben akawasha taa. Kengele ya jirani ikalia, na jirani akatoka kumtukana.

Kwa Bi Tsonka, ambako vigae, hita na bomba vilihamia, kazi ilichukua siku tisa. Aliifanya Kremena, mama wa makamo asiyeongea, anayepanga vigae kama anayepanga meno. Asparuh alichanganya saruji na kupandisha mizigo ghorofani, na hapo ndipo kipaji chake kilipojulikana: kubeba. Gari lake aliliuza kulipa mshahara wa Kremena, na Kremena akamwajiri yeye, kwa sharti kwamba asiguse kigae. Zhelyazko alipata dari jipya. Televisheni hakupata, na alilalamika sana. Siku ya kumi Bi Tsonka aliingia bafuni kwa kifua, siyo kwa ubavu, akaoga saa nzima maji ya moto, na hakuna mtu aliyesimama mlangoni kumuuliza kama bado anaoga.

Lyuben yeye alianza kuoga jikoni, kwa sufuria. Aliwaendea mafundi watatu, wote wakataka malipo kwanza. Alimwendea yule wakili wake wa zamani, akaambiwa saa imeshaanza kuhesabu. Polisi hakwenda, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mwishowe, Alhamisi moja yenye mvua, alikwenda chuo kikuu, akachukua namba, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya watu walioharibiwa madirisha na mapaa, suti yake ikinuka sabuni ya vyombo.

Ralitsa, ambaye hakuwahi kumwona, alimkaribisha kwa upole.

"Tuambie, baba. Tatizo ni nini?"

"Fundi kaniharibia bafu. Akachukua na vifaa."

"Pole sana. Ulimlipa kiasi gani?"

"Hatukulipana kwa pesa."

"Kwa nini basi?"

Lyuben alikohoa. "Ni habari ndefu. Kwanza niambieni ninyi: mnatoza bei gani hapa?"

"Hatutozi chochote," Ralitsa alisema, akafungua daftari ukurasa mweupe. "Tunachotaka ni kitu kimoja tu: utueleze ukweli wote, tangu mwanzo."

Lyuben Garvanski aliutazama ule ukurasa mweupe. Kisha akainuka, akavaa kofia yake, akainama kwa adabu.

"Binti yangu," alisema, "bei hiyo siiwezi."